Taa za Kabati la Askari

Jumamosi saa nane mchana, rafiki yangu, fundi umeme, alikuwa akifunga taa kwenye kabati la kioo la shemeji yake, lenye sanamu za plastiki za askari wenye mapanga. Alifunga mapazia mazito ili apime mwanga. Taa zikazimika, akaingiza mkono gizani kutafuta waya uliochomoka.

“Shemeji, usiniangushie jeshi langu!”

“Jeshi gani? Hata mbu haliui.”

Vikasikika vishindo vidogo juu ya kioo, vingi, vikielekea upande mmoja. Fundi akapiga yowe.

Shemeji alipofungua mapazia, damu ilichuruzika kwenye rafu. Askari wote walikuwa mahali pao, mapanga makavu.

Daktari alisema kidole gumba kilikatwa kwa mapigo madogo mengi.

Shemeji alilipekua kabati, rafu kwa rafu. Kidole hakikuwamo.