Mpera Haukatwi Kama Chai

Kila asubuhi Janeffer alichuma chai. Shamba lao lilikuwa karibu na soko la Sosiot. Alichuma mvua ikinyesha, alichuma hata akiwa mgonjwa, kisha akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia majani. Huko majani yalipimwa kwa jina la Weldon, mume wake. Bonasi ya mwaka ilipokuja, ilikuwa ya Weldon. Katika miaka hiyo ya tisini wanaume wengi hawakuona kosa lolote hapo. Kosa lilikuwepo!

Kitu kimoja tu kilikuwa cha Janeffer: safu ya mipera kando ya ua. Miche alipewa na dada yake wa Chepseon. Alitaka mapera ya watoto, na mengine auze sokoni, asiwe wa kuomba kila kitu.

Miaka mitatu ilipita. Hakupata pera hata moja.

"Hii ni mipera dume," Weldon alisema jioni moja. "Jumamosi nang'oa yote. Napanda chai."

"Usiguse!" Janeffer alijibu. "Chai iko kila mahali. Hata choo imezungukwa na chai!"

"Mama Chebet, unanipigia kelele?"

"Ndiyo, napiga. Hiyo miti ni yangu, Baba Chebet."

Kesho yake Janeffer alimleta afisa wa kilimo, mama mmoja aliyeitwa Nyatichi. Nyatichi aliitazama mipera. Yote ilikuwa fupi, imekatwa sawasawa juu kama meza.

"Nani anakata hii miti?" aliuliza.

"Ni mimi," Weldon alisema kwa majivuno. "Nikimaliza kukagua chai, nakuja huku na kisu. Naondoa vichwa vyote. Siku moja ilianza kutoa maua, nikakata haraka."

Janeffer alimgeukia. "Ilianza kutoa maua? Na wewe ukakata?"

"Sasa ningeacha watu wacheke? Chai ikitoa maua, si watu wanasema mwenye shamba ni mvivu?"

"Miaka mitatu nabeba samadi kwa mgongo!" Janeffer alipaza sauti. "Mama yako ananiambia nina mkono mbaya wa kupanda. Kumbe ni wewe!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mtu anakuharibia kazi kwa mikono yake mwenyewe, halafu anaulaumu mti!

"Mzee, sikia," Nyatichi alisema. "Kwa chai tunataka majani, maua hatutaki. Ndiyo maana tunachuma vichwa. Kwa mpera tunataka matunda. Tunda linatoka kwa ua, na ua linatoka kwa tawi changa. Ukikata matawi changa kila wakati, unakata mapera."

"Kwa hivyo tusikate kabisa, madam?" Janeffer aliuliza.

"Mtakata mkishavuna. Ondoeni matawi makavu, na yale yanasuguana. Fungueni katikati, jua iingie. Samadi mweke mbali kidogo na shina. Na mapera ikianguka, okoteni mzike. Ikioza hapo chini, nzi wanazaana, halafu matunda mengine inaingia funza."

"Na watu wakicheka?" Weldon aliuliza.

"Wacheke," Janeffer alisema, akamnyang'anya kisu.

Mipera ikarefuka ovyoovyo. Mvua ilipokuja, ikatoa maua meupe. Majirani walipita wakimtania Weldon kwamba shamba lake limeingia msitu. Weldon aliudhika sana. Hata hivyo, hakugusa tawi.

Mapera yakaiva. Watoto walikula wakashiba, na Janeffer akaanza kupeleka ndoo sokoni. Matawi aliyakata baada ya mavuno, yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata mapera yalizidi.

Siku moja Ooko, fundi wa kiwanda cha chai, alisimama langoni.

"Mzee Weldon, niuzie mapera."

Ndoo mbili zilikuwa zimejaa, ziko pale mlangoni. Weldon aliinuka, akaishika moja. Janeffer alikuwa jikoni akisonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akangoja. Alikuwa tayari kumfokea.

Weldon aliirudisha ndoo chini.

"Si yangu," alisema. "Mwenyewe yuko jikoni. Ongea na yeye."

Janeffer alitoka akijipangusa mikono, akamuuliza Ooko anataka mangapi.