Mpiga Makasia wa Wemmer Pan

Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka, Oriental Plaza pale Fordsburg palikuwa hapapitiki. Kila mama wa kanisa alitaka gauni jipya, na kila fundi wa Johannesburg alikuja kugombea kitambaa. Murielle, fundi cherehani wa Rosettenville, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa amevaa sketi ya kitenge ya buluu na blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu. Aliliona jora la kitani la rangi ya maziwa, la mwisho dukani, akalishika. Jora likakataa kuja. Kulikuwa na mtu amelishika upande wa pili.

"Samahani, papa. Hili nimelishika mimi."

"Umelishika kichwani, maman. Mimi nimelishika mkiani. Nani atasema ni la nani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Uvira, cha watu wa ziwani, kinachovuta maneno taratibu. Alikuwa kijana mrefu, bado amevaa jaketi la ulinzi na buti nzito, kwani alitoka moja kwa moja zamu ya kulinda ghorofa huko Hillbrow. Viganja vyake vilikuwa na sugu kama vya mkulima.

"Unataka kukifanyia nini?" Murielle aliuliza. "Kitani kigumu hivi hakifai shati."

"Nguo za Wagiriki."

"Wagiriki gani?"

"Wa zamani. Wale waliokufa zamani sana."

Murielle alicheka bila kutaka. Mwenye duka naye akacheka, ingawa hakuelewa neno. Kijana alijitambulisha kuwa anaitwa Glody, kisha akaeleza. Kulikuwa na Wagiriki wa Johannesburg walioungana na wenzao wa Ulaya kujenga upya merikebu ya kale, ya mbao, ya tanga moja na makasia. Walitaka kurudia safari ya wahamaji wa zamani waliotoka kisiwa cha Thera wakavuka bahari kuja Afrika. Na kwa kuwa wahamaji wale walikuja Afrika, nahodha alitaka Waafrika kwenye makasia. Glody, aliyekulia kwenye mitumbwi ya Tanganyika, alijaribiwa akachukuliwa. Leo alikuwa ametumwa kununua kitambaa cha mavazi.

"Merikebu? Hapa Joburg?" Murielle alimtazama juu hadi chini. "Mji huu hauna hata mto wa kuoshea miguu!"

"Ndiyo maana tunafanya mazoezi bwawani Wemmer Pan. Bata wamekwisha kutuzoea."

"Na wewe unajua tofauti ya kitani na gunia?"

"Sijui, maman. Ndiyo maana Mungu amekuleta ushike upande wa pili."

Hivyo ndivyo Murielle alivyopata kazi ya kuwashonea mabaharia wa Kigiriki.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja alichogawana na Jeannine, msusi kutoka Bukavu: cherehani dirishani, viti vya kusukia nyuma. Wapiga makasia walikuja mmoja mmoja kupimwa. Glody alipimwa mara ya kwanza, akarudi akidai amenenepa, akarudi tena akidai amekonda.

"Nyoosha mikono. Pumua."

"Ukinishika hivyo nitapumuaje, Maman Couture?"

"Pumua kama unavyopumua ukiona bata."

Jeannine, kutoka nyuma, mdomo umejaa nywele za bandia: "Eh! Huyo fundi mbona hapimi wengine polepole hivyo?"

Baada ya hapo ikawa kila Jumapili, wakitoka kanisani, Murielle anashuka hadi Wemmer Pan, anatandika khanga kwenye nyasi, anawatazama wakipiga makasia. Maji ya bwawa lile hayakuwa masafi, na nyuma yake vilima vya mchanga wa migodi vilikuwa vya manjano. Lakini makasia yalipoingia majini kwa pamoja, mwili wa Glody ukienda mbele na nyuma bila haraka, Murielle alijikuta anapumua kwa mwendo uleule. Simu zao zikawa ndefu. Glody akimpigia kutoka lindoni, alianza kila mara na "Chérie, jengo limelala?" naye Murielle hujibu, "Jengo unalilinda wewe; mimi ndiye sijalala."

Jumapili moja, wakila mahindi ya kuchoma ukingoni, Murielle alimwuliza kwa nini hao Wagiriki wa zamani waliondoka kwao.

"Ukame," alisema Glody. "Nahodha alitusimulia. Mvua iligoma miaka na miaka. Wakaamua kila nyumba yenye ndugu wawili, mmoja apigiwe kura aende. Wakaenda. Bahari ikawatisha, wakageuza wakarudi nyumbani. Unajua ndugu zao waliwafanya nini? Waliwatupia mawe wasitie nanga. Wakawaambia, rudini mlikotoka."

"Mama zao pia?"

"Hilo hakutuambia."

Murielle alipukuchua punje mbili tatu za hindi lake. "Wakafika wapi mwishowe?"

"Kirene."

"Kirene ya Simoni? Yule aliyemsaidia Bwana msalaba?" Alifurahi kama mtu aliyetajiwa jirani. "Siku hizi ni nchi gani?"

"Libya," alisema Glody. "Pwani ya Libya. Tumepewa kibali cha kutia nanga."

Hindi la kuchoma lilibaki mkononi mwa Murielle halijamalizwa. Alisema kichwa kinamwuma, akakunja khanga, akaondoka.

Glody hakujua, kwa sababu hakuwahi kuambiwa, kwamba Murielle alikuwa na mdogo wake, Évariste. Kijana huyo alitoka Lubumbashi akiwa na mkoba mmoja, akapanda juu nchi kwa nchi hadi kwenye pwani hiyo hiyo. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa na furaha, akasema wamepata mashua, kesho wanavuka. Kesho yake haikuja na simu, wala mtondo. Maiti haikuonekana, jina halikuonekana popote. Mama yao alikataa matanga yawekwe. "Namlilia nani?" alisema. "Mwenye kupotea bado anatembea." Na nyumba ile ikawa haicheki vizuri wala hailii vizuri.

Sasa mwanamume anayempenda alikuwa anakwenda kwenye maji yale, kwa hiari, amevaa nguo aliyoishona yeye.

Usiku huo alirudi kwenye cherehani. Alimaliza mavazi, akayapiga pasi, akampa Jeannine ayakabidhi. Glody alipopiga simu, aliiacha ilie. Kanisani nako wamama walikuwa na yao: "Huyo kijana akifika Ulaya atarudi kufanya nini? Kulinda ghorofa?" Murielle hakuyaamini, lakini Glody alipokuja kumkabili mlangoni, siku chache kabla ya safari, ndiyo maneno yaliyomtoka.

"Nimekukosea nini, Murielle?"

"Hujanikosea. Nenda. Ukifika kwa wazungu usijisumbue kututafuta."

Glody alisimama pale, mikono imening'inia. "Watu wote wa Hillbrow wananiambia hivyo hivyo. Nilidhani kuna mtu mmoja hawezi kunidhania hivyo."

"Basi umejua."

"Nimejua," alisema. Akavuka barabara taa ya robot ikiwa nyekundu, teksi ikampigia honi, hakugeuka.

Glody aliondoka na wenzake kwenda Thera kuipanda merikebu, akiwa na hati yake ya kusafiria ya mkimbizi, na Rosettenville ikaendelea na kazi zake. Murielle alishona sare za kwaya, akakosea mikono ya blauzi, akaifumua, akaikosea tena. Jeannine alimtazama siku ile, siku ya pili, akashindwa. Bila kuomba ruhusa, alimwandikia Glody habari ya yule ndugu aliyepotea baharini.

Asubuhi moja Murielle akiwa kwenye cherehani simu ikaita, namba ya kigeni. Upepo ulikuwa unapiga upande wa pili.

"Kaka yako anaitwa nani?" Glody hakusalimia.

Murielle alimgeukia Jeannine, naye Jeannine akainama akijifanya anatafuta kitana.

"Ni mdogo wangu," alisema hatimaye.

"Ungeniambia neno moja tu, nisingekuja."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungebaki. Halafu kila Jumapili ningekuona unatazama lile bwawa kama mtu aliyenyang'anywa."

"Ukaona afadhali nikuchukie?"

"Mtu akiondoka ameudhika, nilidhani haiumi sana. Nilijidanganya, Glody. Inauma vilevile."

Upepo ulivuma kati yao. Sauti zilikuwa zinaita kwa Kigiriki.

"Merikebu inatoka leo," alisema Glody, taratibu kwa Kiswahili chake cha ziwani. "Nahodha anamjua mtu wa kukaa mahali pangu. Ukisema nirudi, narudi, na sitatazama bwawa. Nakuapia. Sema."

Murielle aliweka kiganja juu ya kitambaa kilichokuwa mbele yake. Alimwona mdogo wake mlangoni na ule mkoba mmoja, akiwacheka wote kwa woga wao.

"Anaitwa Évariste Kalenga," alisema. "Alipenda kuimba. Hakujua kuogelea."

Glody alilirudia jina lile taratibu. "Nimesikia," alisema. "Nitamtafuta kwa jina."

Kisha simu ya Glody haikupatikana tena. Wale Wagiriki wa Johannesburg walikuwa wakitoa habari kidogokidogo: merikebu imefika Krete, upepo umegeuka, imezuiliwa, imetoka Krete, bado haijaonekana. Murielle alijifunza majina ya pepo asizowahi kuzisikia. Alikuwa akimaliza kumpima bibi harusi wa Malvern simu ilipotoa mlio. Ilikuwa video.

Mchana mweupe. Bahari pande zote, hakuna nchi. Tanga limeshushwa, na makasia yote yameinuliwa juu ya maji, yanadondosha matone. Wapiga makasia wamesimama katika kitani chake, kimepauka kwa chumvi, mishono imeshika. Nahodha, mama wa Kigiriki mwenye mvi, alisema maneno machache ya lugha yake. Halafu Glody akaita kwa sauti kubwa, kama watu wa ziwani wanavyoitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi: "Évariste Kalenga! Dada yako anakuita!" Wenzake wakalirudia jina, kila mmoja kwa ulimi wake, wengine wakiliharibu kabisa. Mwishoni Glody akaanza wimbo wa kanisani, sauti yake mbaya, akauimba mpaka mwisho.

Murielle aliketi sakafuni. Bibi harusi, pini bado zimemjaa, akaketi naye.

Siku hiyo alimpigia mama yake Lubumbashi akamwonyesha. Mama alitazama, akaomba arudie, akatazama tena.

"Kwa hiyo kuna mtu amemwita kule kule?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuitika."

"Hakuitika."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Basi tulie sasa."

Wiki chache baadaye matanga yakawekwa Lubumbashi, na Rosettenville nako, katika ua nyuma ya duka. Viti vya plastiki vikaazimwa, Jeannine akasonga ugali wa bukari, kwaya ikaja na sare zake. Mchana wa siku ya mwisho, geti likafunguka akaingia Glody, mweusi kwa jua, midomo imepasuka, begi mgongoni. Wale wamama waliosema hatarudi walisogeza viti vyao kumpisha. Hakwenda kwa Murielle. Alimpa mkono mzee wa kanisa, akaenda akaketi na wanaume, akainamisha kichwa kama mtu wa msiba. Murielle alimwona kutoka upande wa wanawake, na kilio chake, kilichokuwa kimekauka, kikaanza upya. Safari hii hakikumtisha.

Waliongea baadaye, nguo nyeusi zilipokwisha kuvuliwa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, dukani, Jeannine akisuka na masikio wazi.

"Nilipofika pwani ile," Glody alisema, "wenzangu walifurahi, walipiga picha. Mimi niliwaza kurudi tu. Sikujua kama mtanipokea au mtanitupia mawe."

"Mawe hatuna hapa. Tuna pini."

"Murielle, nataka kwenda kumwona mama yako."

"Kumwona kufanya nini?"

"Eish, mwanamke huyu! Kumwomba mtoto wake."

Nyuma, kitana kilianguka. Murielle aliweka mkasi chini. Alichukua simu, akapiga, akaweka sauti wasikie wote.

"Mama, kuna mtu anataka kuja nyumbani kukuona."

"Ni yule aliyemwita Évariste?"

"Ndiyo yeye."

"Mwambie aje. Na wewe uje pamoja naye. Nimechoka na watoto wangu kusafiri mmoja mmoja."

Glody alifungua mdomo ajibu, lakini Murielle alimtangulia.

"Tutakuja, mama," alisema. "Sote wawili."