Rangi Juu ya Ufa

Simu ya Muthoka ililia juu ya boneti ya Datsun. Mwenyewe alikuwa chini ya gari akikaza nati, mikono imejaa grisi.

— Mpenzi, nishikie! Weka spika.

Mbula akabonyeza. Alikuwa Aloys, fundi wa rangi kule Tala, na hakungoja salamu.

— Niaje Muthoka? Ile rangi imekauka? Wakaguzi hawawezi ona ule ufa sasa.

Mbula akakata simu, akaitia mfukoni. Tangu mwaka jana yeye na mchumba wake walikuwa wakiifufua hiyo Datsun ya zamani, hapa gereji yao ya barabara ya Kola, waipeleke kwenye mbio za magari. Injini ilikuwa kazi ya Mbula. Bodi alimwachia Muthoka, akamwamini.

Alichukua bisibisi, akaingia ndani ya gari, akakwangua rangi mpya ya keji, vile vyuma vinavyomkinga dereva gari likipinduka. Ufa ukajitokeza juu kabisa ya kiti cha dereva.

— Ulijua?

Muthoka alitoka chini ya gari, macho pembeni.

— Ni kaufa kadogo. Ukaguzi ni leo mchana, Mbula. Tukianza kuchomelea, tunakosa mbio.

— Na ukipinduka?

— Sipinduki.

— Hata Muema alisema hivyo.

Muema alikuwa kaka yake Mbula. Walimzika Kola baada ya gari lake kubingirika kwenye mashindano.

— Usimlete Muema hapa! — Muthoka alifoka. Akaruka kwenye usukani, akafunga mkanda, akawasha. Injini ikanguruma, mabati ya gereji yakatetemeka.

Mbula alizunguka upande wa pili, akaketi, akafunga mkanda.

— Shuka.

— Kwa nini? Si ni kaufa kadogo? Twende. Ingia kona zote vile utaingia kwa mbio, na mimi nikiwa hapa.

— Mbula, tafadhali. Shuka.

— Endesha!

Muthoka alishika gia, akaiachia. Hatimaye akazima injini.

— Siwezi. Siwezi kukubeba na hii kitu.

— Na wewe, nani alikuambia naweza kukuzika?

Muthoka akamwomba simu yake. Alichukua simu, akawapigia waandaaji.

— Gari yetu haiji. Keji imepasuka. Ndiyo, nilijua.

Alipokata, alimgeukia Mbula.

— Umenikasirikia?

— Sana. Ukinificha kitu tena, kanisani utaenda peke yako.

Mbula akafungua mkanda wake, kisha akamwinamia Muthoka, akamfungulia na wa kwake.

— Haya, toka. Lete grinda tukate hicho chuma.