Aliyefungua Ndoano

Harufu ya mbuzi aliyeloa haikuwa na la kufanya ghorofa ya nne ya jengo lililokuwa likijengwa. Mukeshimana aliisikia akiwa ameinama, anakaza skrubu za mabati ya sakafu juu ya mihimili. Nyuma yake bati likalia dum, kama limekanyagwa. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila ndoano ya mkanda wake, aliyoitia mwenyewe kwenye waya wa usalama, ilikuwa imefunguliwa, inaning'inia kiunoni.

Akamtupia jicho Hakimu, mwenzake. Wiki ileile bosi alikuwa amempa Mukeshimana usimamizi ambao Hakimu aliutamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku tatu alimchunga, hata chai yake akaikataa. Lakini ndoano ikafunguka tena, na skrubu za jana akazikuta zimeng'olewa, zimepangwa mstari kama meno.

"Hakimu," alinong'ona, "sema kweli. Ni we unanifungulia?"

"Mi? Wallahi, mi nilijua ni we! Yangu pia inafunguka tangu juzi."

Wakatazamana, na ubaridi ukawapanda mgongoni, kwa maana saa hiyohiyo mabati ya upande wa ziwani yalianza kulia moja baada ya jingine, yakibonyea kwa uzito wa miguu isiyoonekana, yakija, yakija, mpaka harufu ile ikawajaa puani na kusimama hatua moja mbele yao.

Wakashuka mbio. Mukeshimana akampigia simu Bibi Rayhana, mganga wa mtaa wa Mbugangari, aliyemjua kwa sifa tu. Haikupita nusu saa, kikongwe mwenye ushungi mweupe akawakuta kwenye ngazi, akapanda nao bila kuhema. Akanong'ona maneno, akanyunyiza marashi, akatabasamu.

"Bon, imetoka. Sasa mufungue ndoano, wanangu, mutembee kwa amani."

Hakimu akashusha pumzi, akafungua, akakanyaga bati la ukingoni. Mukeshimana alisita, ndoano yake ingali kwenye waya; shaka ya siku tatu haikuwa imemtoka. Simu yake ikalia.

"Binti yangu, ni Rayhana. Unisamehe, niko bado hapa Mbugangari, pikipiki ya kunileta imekosa. Mungojee chini. Musipande na mutu."

Mukeshimana akajirusha, akaudaka mkanda wa Hakimu. Bati likapinduka, likaenda chini peke yake. Kwa waya mmoja uliowashika wote wawili, akamvuta mpaka kwenye mhimili, wakakumbatiana.

Kikongwe hakuwapo. Kwenye ngazi vishindo vya nyayo vilikuwa vinashuka taratibu, kuelekea ghorofa ya tatu, walikokuwa mafundi wengine.