Aliye Nje Anasikia Baridi

Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeshazama, na gari la Zulema Curapil lilikuwa limebakiwa na robo tangi. Ilikuwa Julai, mwezi ambao kule kusini kabisa mwa Ajentina mchana ni mfupi kama kikohozi. Aliliona bango la kituo cha mafuta likiyumba kwenye upepo, akakata kona, akazima injini.

Kwenye kiti cha nyuma, mbwa aliinua kichwa.

Msichana wa kituoni alitoka mbio amejikunyata ndani ya jaketi jekundu la kazi. Kifuani lilikuwa limeandikwa Nidia. Akachomeka mpira wa mafuta, akachungulia dirishani.

"Na huyu bwana mkubwa anaitwa nani?"

"Pulga."

"Pulga? Yaani Kiroboto? Ndama lote hili?" Nidia akacheka. "Mama, una dharau wewe."

"Alipewa jina akiwa anaenea kwenye kofia. Mwanangu ndiye aliyempa."

"Basi mwanao mchokozi."

"Alikuwa," alisema Zulema.

Upepo ukalichukua neno lile. Nidia hakulisikia. Alichukua chupa ya chai, akaenda kuijaza maji ya moto ya mate, ile chai chungu ya majani inywewayo kule, akarudi nayo akiwa ameikumbatia kifuani kama mtoto.

"Leo unalala wapi? Saa mbili wanafunga barabara, barafu imezidi."

"Humu humu. Huu usiku wa tatu."

"Humu garini? Mama, unataka kufa? Nina chumba hapo nyuma. Kitanda chako, mimi nitajibana kwenye kochi. Hata Ndama nampa blanketi."

"Mungu akubariki, binti. Nitasogea mbele kidogo. Kwenye lile bango la kilomita elfu mbili mia moja na nne."

Mkono wa Nidia ukasimama juu ya kifuniko cha tangi.

"Pale usilale."

"Kuna nini?"

Nidia alitazama nyuma, ingawa hapakuwa na mtu. Akaipunguza sauti.

"Kila msimu wa baridi hufa mtu mmoja, mama. Ilianza mimi sijafika hapa. Dereva wa lori la vitunguu. Kisha mwalimu wa shule. Mwaka jana kijana mmoja. Wote wamekutwa nje ya magari yao, wamebaki na mashati. Hita nzima, mafuta yamo. Daktari anasema baridi ikizidi akili hudanganyika, mtu huona joto, huvua. Haya, nakubali. Lakini makoti yameenda wapi? Hayajaonekana hata moja." Akapangusa mikono. "Ila yule kijana wa mwisho wanasema alikuwa amelewa chakari, sasa huyo naye..."

"Hakuwa mlevi."

Nidia akamtazama mbwa, akamtazama sana. Kisha akamtazama yule mama.

"Mama... huyu mbwa..."

Zulema aliwasha gari.

*

Kitu kilichomtoa nyumbani na kumvusha kilomita elfu moja na mia tano kilikuwa kidogo. Kilikuwa simu moja.

Usiku ule wa mwaka jana, Dardo alimpigia saa moja na dakika kumi. Zulema alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye bingo ya Ijumaa, mchezo wa bahati wa namba. Aliiona simu inang'aa juu ya meza. Aliliona jina. Lakini alikuwa amebakiza namba moja tu, na mwita namba alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Akasema moyoni, nitampigia nikimaliza.

Akashinda. Alishinda sufuria.

Alipopiga, hapakuwa na wa kupokea. Asubuhi polisi ndio waliopokea.

Mwanangu alitaka kuniambia nini? Hakuwa akilala kwa swali hilo. Alikuwa analipika na kulila. Na mtu pekee aliyekuwa na Dardo usiku ule hakuwa mtu. Alikuwa Pulga, aliyekutwa ndani ya gari, milango imefungwa, kioo kizima kimechorwa makucha.

Ndiyo maana alimchukua. Ndiyo maana alilichukua gari lile lile.

*

Alifika kwenye bango saa kumi na mbili kasorobo. Hakukuwa na kitu pale: uzio wa waya, nyasi ngumu, mtaro, lami nyeusi inayometameta. Akaegesha. Akafunga milango. Akafungua chupa, akamimina, akanywa chai yake ya mate polepole huku mvuke ukiganda kwenye kioo.

Usiku wa kwanza njiani Pulga alilala kama gogo. Wa pili vivyo hivyo.

Leo hakulala.

Alikaa wima. Masikio juu. Macho kwenye dirisha la abiria.

"Lala, mzee," Zulema alinong'ona. "Sisi wawili tu."

Upepo ulikoma. Kule upepo haukomi. Zulema alizaliwa ndani ya upepo, akaolewa ndani yake, akazika ndani yake, na hakuwahi kuusikia ukinyamaza namna ile, ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kisha harufu. Sufu mbichi... kondoo aliyenyeshewa... na chini yake kitu kingine, kama chuma kilichotoka kwenye friji.

Kisha sauti.

Ngo.

Kimya.

Ngo... ngo.

Kidole kimoja, kwenye kioo cha abiria. Zulema akageuka. Nje palikuwa na giza, na giza, na hakuna kingine.

Lakini mkia wa Pulga ulikuwa unapiga kiti. Pa, pa, pa. Zulema akahisi nywele za mikono zikisimama, kwa sababu mkia ule haukuwa wa kila mtu. Yeye mwenyewe, mwaka mzima akimlisha, hakuwahi kuupata. Pulga aliutunza kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo alipomkumbuka bibi yake, mama wa baba yake, mwanamke wa Kimapuche, kabila la wenyeji wa asili wa kule, asiyecheka ovyo. Bibi aliwachapa wajukuu makofi mikononi kila walipocheza na mbwa kisha wakajifikicha macho. Mkipata matongo ya mbwa machoni, aliwaambia, mtaona anayoyaona yeye. Nao mtakaowaona watawaona ninyi.

Zulema alikivuta kichwa cha mbwa mapajani mwake. Kwenye pembe ya jicho palikuwa na tongo, zito, la kijivu. Akalikwangua kwa ncha ya kidole.

Hakujizuia.

Akapaka jicho lake la kulia. Akapaka la kushoto.

Yalimwasha kama pilipili. Alifumba, akalia machozi ya moto, akahesabu pumzi kumi. Akafumbua.

Dardo alikuwa ameinama dirishani.

Shati tu. Lile la mistari. Midomo rangi ya zabibu, barafu kwenye kope. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kioo, na kioo hakikupata ukungu.

"Dardo," alisema Zulema. "Dardo, baba yangu."

"Mama," alisema Dardo.

Moyo wa Zulema ukapasuka kwa furaha. Kisha Dardo akaendelea, kwa adabu, kwa haya, kama kijana anayemwomba mtu asiyemjua:

"Mama, samahani. Huku nje kuna baridi. Una kitu cha kuvaa?"

Alikuwa amemwita mama kama mwanamke yeyote wa makamo anavyoitwa mama njiani. Hakumjua.

"Ni mimi, Dardo."

"Ndiyo, mama. Kuna baridi. Una kitu cha kuvaa?"

Sauti ile ile. Pumziko pale pale. Na Zulema, akiwa ameshika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili, akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa chumbani.

Kulikuwa na mtu dirishani usiku ule. Mwalimu wa shule, amebaki na shati. Aligonga, akaomba. Na Dardo wake, mtoto mwoga wa giza hadi utu uzima, akachukua simu kumpigia mama. Mama, kuna mtu nje, simwoni, anasema anasikia baridi. Nifanyeje?

Zulema alijua jawabu ambalo angempa. Angempa bila kufikiri, macho yake kwenye kadi ya bingo. Kwenye barabara ile hakuna mtu anayepitwa amesimama. Hasa wakati wa baridi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyomlea.

Angesema: mfungulie, mwanangu.

Mwaka mzima alijilaumu kwa kutopokea. Na angepokea, angemuua kwa mdomo wake.

Hakulia. Alikaa tu, akimtazama. Angeweza kuwasha gari. Injini ilikuwa bado na joto, kituo kilikuwa nusu saa nyuma, kitanda cha Nidia kilikuwepo. Dardo angebaki pale na shati lake la mistari. Na kesho, au keshokutwa, lingesimama gari lingine, na ndani yake mtoto wa mwanamke mwingine aliyelelewa vizuri.

"Baki hapa, Pulga," alisema. "Wewe baki."

Akafungua mlango.

Koti lake lilikuwa la sufu nene, kahawia, vifungo sita. Alilivua barabarani, na baridi ikamwingia mifupani mara moja, bila hodi. Dardo alisimama ameinyoosha mikono kidogo pembeni, kama alivyosimama akiwa na miaka mitano asubuhi za shule. Zulema akamwingiza mkono wa kwanza. Akamwingiza wa pili. Akaanza kufunga, kutoka chini kwenda juu, vidole vyake vikiwa vizito kama vya mtu mwingine.

Alipofunga cha sita, Dardo akapumua. Mvuke mweupe ukamtoka mdomoni.

"Mama?"

Safari hii alikuwa anamwita yeye.

"Nipo."

"Nilikupigia. Halafu nikakumbuka ni Ijumaa, uko kwenye bingo yako."

"Nilikuwa huko, baba."

"Ulishinda?"

"Nilishinda sufuria."

"Kubwa?"

"Kubwa. Ya kupikia watu kumi."

Dardo alicheka. Kicheko chake kile kile cha puani. Kisha akatazama koti alilovaa, akalitazama gauni na sweta ya kijani ya mama yake, na kicheko kikamkauka usoni. Alifungua mdomo kusema jambo. Zulema akamwekea kiganja midomoni, midomo ikiwa na joto, akamgeuza mabegani, akamsukuma taratibu kuelekea kusini.

Alitembea hatua saba, nane. Hatua ya tisa haikusikika.

*

Zulema alirudi garini. Ajabu, baridi haikuwa inauma tena kwenye ngozi. Ilikuwa ndani, mahali pasipofikiwa na mkono. Alishika kitasa cha mlango na kitasa hakikumpa habari yoyote.

Ndani ya gari, Pulga alimtazama.

Akaanza kubweka.

Alibweka meno yakiwa nje, manyoya ya shingo yamesimama, akikwaruza kioo. Hakuwa akilibwekea giza. Alikuwa anambwekea yeye.

Zulema akageuka akitaka kuona nyuma yake kuna nini. Ndipo alipoona mtaroni mwanamke wa mvi aliyelala ubavu, sweta ya kijani, magoti yamekunjwa, barafu imeshaanza kumshona nywele kwenye nyasi.

Alisimama akimwangalia mwanamke yule kwa muda. Alionekana amechoka. Alionekana amepata usingizi.

Taa zikaja kutoka kaskazini.

Gari dogo lilifunga breki nyuma ya la kwake, na Nidia akaruka nje na bakuli lililofungwa kitambaa. "Mama!" aliita. "Mama wa Pulga! Nisamehe, mimi mdomo wangu huu hauna breki! Nimekuletea supu..."

Tochi yake ikafika mtaroni.

Bakuli likaanguka. Nidia alipiga magoti, akamtikisa yule mwanamke, akamwekea sikio kifuani, akamwita mama, mama, mama. Kisha, akilia, akafanya kile ambacho binti yeyote mwenye utu angefanya. Akashika zipu ya jaketi lake jekundu ili amfunike.

Na hapo Zulema akasikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Hakuyaita, yalijileta, ya adabu, ya haya. *Samahani, binti. Huku nje kuna...*

Akayauma. Alijiuma ulimi hadi ukafa ganzi, na zipu ikashuka hadi katikati, na jaketi likafunguka, na joto la msichana yule likatoka kama joto la tanuri la mikate. Zulema aliyumba. Alilitamani joto lile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, kuliko alivyotamani simu ile iite tena.

"Usivue!" alipiga kelele. "Nenda! Usivue!"

Nidia alisita. Akainua uso. Alitazama moja kwa moja pale Zulema aliposimama, macho yakizunguka bila kutua. Pulga alibweka hadi sauti ikakatika.

"Nani hapo?"

Hakuna aliyemjibu. Zulema alikuwa amepiga hatua ya nyuma, na nyingine, na nyingine, hadi nyuma ya bango.

Polepole Nidia alipandisha zipu hadi kidevuni. Akafungua gari la Zulema, akamkamata mbwa kwa ukosi, akamkokota hadi kwake. Milango ikabamizwa. Magurudumu yakateleza, yakashika. Taa nyekundu zikaenda zikipungua kuelekea kituoni, zikawa mbili, zikawa moja, zikazimika.

Upepo ukarudi.

Asubuhi kule hufika saa tatu. Majira ya baridi yalikuwa yamebakiza miezi miwili, na baada yake mengine, na mengine. Zulema alisimama kando ya lami na baridi yake, na kwa mara ya kwanza hakumchukia mwalimu wa shule, wala dereva wa vitunguu, wala yule wa kwanza kabisa asiyejulikana. Walikuwa wameomba tu.

Kaskazini, mbali sana, taa mbili ndogo zilichomoza.

Zulema akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.