Konde la Ada na Mbwa wa Watu

Kila asubuhi Clifford Raistrick aligombana na soksi zake. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, na mguu wa kushoto aliuona uko mbali kama kijiji cha pili. Mkewe, Thelma, alimwacha apambane kwanza. Mwanamume wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, husaidiwa akishashindwa, si kabla. Kisha aliweka birika mezani, akapiga magoti, akamvika.

"Ningeweza mwenyewe," Clifford alisema.

"Ungeweza. Ungemaliza Krismasi."

Walicheka. Lakini Thelma alijua kicheko hicho hakitawalisha. Mtu asiyeweza kuvaa soksi hawezi kumkamata kondoo na kumkata kwato. Mwaka ule walikuwa wameuza kondoo wao wote mnadani. Walibaki na nyumba ya mawe yenye paa linalovuja, na konde moja kando ya barabara.

Liliitwa Konde la Ada. Ada alikuwa bibi yake Clifford. Alililima kwa farasi wakati wa vita, wanaume wakiwa hawapo. Sasa konde lilikuwa halileti kitu, na pensheni peke yake haikutosha. Ama konde lizae, ama liuzwe pamoja na nyumba, nao wahamie kwenye nyumba ndogo ya ghorofani mjini. Thelma alishakwenda kuiona. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta. Alirudi kwake akalia bafuni, ili Clifford asisikie.

Mpwa wake aliyeishi katika jiji la Leeds ndiye aliyempa wazo. Mpwa huyo alikuwa na mbwa mkubwa, mwenye nguvu, asiyesikia la mtu.

"Shangazi, mjini hakuna pa kumfungulia," alisema. "Nikipata konde lenye uzio, hata kwa saa moja, nitalipa."

Clifford aliposikia aliweka kikombe chini. "Mtu alipe ili mbwa akimbie? Mbwa wa baba yangu alikimbia bure mpaka akafa!"

"Baba yako hakuwa na paa linalovuja."

Clifford alitazama juu, palipovuja. Walipanga kuzungushia konde uzio wa waya. Watu wangepiga simu, wangepewa saa yao, wangeleta mbwa wao wakimbie bila kamba.

"Tusiulize halmashauri kwanza?" Thelma alisema.

"Tuulize nini? Babu yangu alijenga ghala bila kumuuliza mtu. Baba alichimba bwawa. Ardhi ni yetu, Thelma."

Moyo wa Thelma ulimwambia kuna jambo, lakini alikuwa amechoka kubishana, na paa lilikuwa likivuja. Basi uzio ukasimama, na bango likawekwa barabarani, kwenye kona, kando ya lango.

Magari yalikuja. Mbwa walikuja, wanene kwa wembamba, wenye manyoya na wenye makoti. Thelma alifurahi sana. Kitu kimoja tu kilimkera. Jirani yao Norman Iveson, mfugaji wa ng'ambo ya ukuta wa mawe, aliacha kuwasalimu. Tangu utoto wake na Clifford, Norman hakuwahi kupita langoni bila kusema neno, hata kama neno lenyewe ni kulalamikia mvua. Sasa alipita kimya, ametazama mbele.

Kisha siku moja mwanamke alishuka kwenye gari dogo. Alivaa buti za mpira zenye matope halisi.

"Naitwa Parveen Akhtar. Mimi ni afisa mipango wa halmashauri," alisema. "Nimekuja kuhusu konde la mbwa."

"Karibu chai," Clifford alisema kwa hasira. "Lakini ukitaka kuung'oa uzio wangu, utapita juu ya nyonga yangu."

"Ipi, Bwana Raistrick? Ile nzima au ile mbovu?"

Thelma alimpenda papo hapo. Alimkatia keki ya zabibu na kipande cha jibini, kama anavyokatiwa mgeni wa maana.

Parveen alikula kwanza. Halafu akaeleza. "Kulima na kufuga hakuombewi kibali. Ndiyo maana wakulima wengi hudhani ardhi yao haihitaji kibali kwa lolote. Lakini mbwa wa watu wakija kucheza hapa kwa malipo, konde hilo si la kilimo tena. Matumizi yake yamebadilika. Kwa hiyo mnatakiwa kuomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi."

"Hata kama ardhi ni yangu?"

"Hata kama ni yako. Barabara si yako. Masikio ya jirani si yako. Magari yataingilia wapi? Yatasimama wapi? Mbwa watabweka saa ngapi? Kinyesi kitakwenda wapi? Halmashauri huuliza hayo kabla, si baada. Kwanza kibali, kisha uzio, kisha mbwa."

Clifford alikuna kichwa. "Kumbe sisi tumevaa buti kabla ya soksi."

"Ndiyo maana inawabana," Parveen alisema.

Thelma aliuliza kwa sauti ndogo, "Na tukiendelea tu?"

"Mnaweza kuamriwa mrudishe konde kama lilivyokuwa. Mkikaidi amri hiyo, mtafikishwa mahakamani. Nawashauri msimame leo hii. Ombeni ushauri wa halmashauri kabla ya kupeleka maombi. Una gharama yake, lakini ni nafuu kuliko kubomoa."

"Nani ametushtaki?" Clifford aliuliza.

"Hilo sisemi, na usilitafute. Ila sikilizeni. Maombi yenu yakifika, tangazo litafungwa langoni, na mtu yeyote ataweza kuandika kuunga mkono au kupinga. Msingoje tangazo liwafikie majirani kabla yenu. Waendeeni. Waulizeni wanaogopa nini."

Jioni ile Thelma aliling'oa bango mwenyewe. Aliwapigia simu wote waliokuwa wamechukua saa zao, akawaambia konde limefungwa. Kila simu ilimchoma. Usingizini aliona ule ukuta wa mjini.

Asubuhi alivaa koti akaenda kwa Norman. Alimkuta bandani, kondoo amekalishwa kwa matako mbele yake kama bibi aliyechoka, yeye akimkata kwato.

"Norman, ni wewe?" Thelma aliuliza.

"Ni mimi." Hakuinua kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Thelma alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi. "Basi nauliza sasa. Unaogopa nini?"

Norman alimwachia kondoo, naye mnyama akaenda zake. Uso wa Norman ukabadilika. "Msimu wa kuzaa uliopita, mbwa wa watalii alipanda mlimani bila kamba. Nilipofika, kondoo wangu wawili walikuwa chini. Mmoja alikuwa bado anapumua, na mwanawe yumo tumboni. Mwenye mbwa aliniambia, 'Alikuwa anacheza tu.' Anacheza, Thelma! Na wewe unaleta mbwa wa namna hiyo hiyo hapa, ukutani kwangu!"

"Pole, Norman." Ilimtoka moyoni. "Endelea. Sema yote."

Akasema yote. Uzio wao ulikuwa mfupi, na chini una nafasi mbwa anaweza kuchimba akapita. Kondoo wakiwaona mbwa wanahangaika, hawali. Kinyesi cha mbwa kikiingia kwenye nyasi kinaweza kumfanya ng'ombe aharibu mimba. Na lile lango la kwenye kona lingeua mtu. Nusura trekta lake ligonge gari.

"Ungekuwa wewe, lango ungeliweka wapi?"

"Pale lori la maziwa lilipokuwa linasimama zamani," Norman alisema mara moja. "Pale unaona barabara pande zote mbili. Mtoto mdogo angekwambia." Kisha alikunja uso, kama mtu aliyetoa zaidi ya alivyokusudia. "Sijasema nakubali."

"Sijakusikia ukikubali," Thelma alisema.

Aliporudi nyumbani alikuwa anatembea haraka kama msichana. Yeye na Clifford walichora upya. Lango likahamia pale pa lori la maziwa, na maegesho yakawekwa ndani, gari lisisimame barabarani. Uzio ukawa mrefu zaidi, na waya wake ukafukiwa ardhini. Upande wa Norman wakachora miti ya ua iliyopandwa kwa kubanana, ili kondoo wasiwaone mbwa. Saa ziwe za mchana tu. Watu wa gari moja waondoke ndipo wengine waingie. Kila mtu aokote kinyesi cha mbwa wake, na pipa liwe na kifuniko. Walilipia ushauri, wakasahihisha ramani, wakapeleka maombi na ada yake.

Thelma alimpelekea Norman ramani ile. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Hm."

"Hm nini?" Clifford aliuliza usiku ule.

"Hm tu."

"Ee Mungu. Hiyo ndiyo mbaya."

Tangazo la manjano likafungwa langoni, na mvua ikalipiga. Barua za kupinga zikaja nyingi. Wengine hawakupenda uzio. Wengine walisema kijiji kitageuka kibanda cha mbwa. Kwa sababu ya barua hizo, diwani aliomba shauri liamuliwe na kamati ya mipango, mbele ya watu.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Thelma alisoma maelezo yake. Alisema walikosea kuanza bila kibali, kwamba waliacha walipoambiwa, na kwamba kila kilichomo kwenye ramani ile kilitokana na hofu ya jirani. Aliketi. Ndipo alipomwona Norman akiinuka nyuma. Amevaa suti yake ya mazishi.

"Amekuja kutuzika," Clifford alinong'ona.

Thelma alimshika mkono. Akilini aliliona lile dirisha la jikoni la mjini na ukuta wake.

"Naitwa Norman Iveson," Norman alisema. "Mimi ndiye niliyewashtaki hawa." Ukumbi ukanong'ona. "Na ningewashtaki tena. Walianza ovyo. Lakini huyu mama alikuja bandani kwangu akakaa kwenye ndoo, akauliza. Nilisema mambo mengi, mengine kwa hasira. Yote yamo kwenye ramani hiyo. Nimelitafuta moja ambalo hakuliweka, nimelikosa."

Alivuta pumzi. "Mbwa wanakuja milimani kwetu kila Jumapili. Mkikataa leo, watakuja tu. Tofauti ni kwamba watakuwa kwa kondoo wangu. Mimi nawataka ndani ya uzio."

Diwani mmoja aliuliza, "Na kelele, Bwana Iveson?"

"Kelele? Mimi nikiwatenga kondoo na wana wao, kijiji kizima hakilali siku tatu. Hakuna aliyewahi kunidai kibali. Mbwa mmoja mchana tutamstahimili."

Ukumbi uliangua kicheko, hata mwenyekiti alificha mdomo. Kisha mikono ikainuliwa. Mmoja alipinga. Wengine wote walikubali, mradi kila ahadi iliyomo kwenye ramani itimizwe.

Clifford alisimama wima, fimbo yake ya kutembelea ikaanguka, asijue kama imeanguka. Thelma alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Mlangoni walimkuta Norman akilegeza tai.

"Norman, sijui niseme nini," Thelma alisema.

"Usiseme. Hili shati linanikaba."

Mwisho wa baridi waliipanda miti ya ua pamoja. Norman alichimba, Thelma alipanda, Clifford aliketi juu ya ndoo akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Afisa Parveen alikuja kukagua. Alipima lango, akatikisa waya, akala keki.

"Sasa mmevaa soksi," alisema.

Konde lilifunguliwa majira ya kondoo kuzaa. Saa zote zilijaa mpaka mwisho wa mwezi, na mafundi wakapanda kuziba paa. Wakulima wa mabonde mengine nao walianza kupiga simu kuuliza. Thelma aliwajibu wote namna moja. "Kwanza jirani, kisha halmashauri, kisha uzio. Mbwa awe wa mwisho."

Asubuhi moja Norman alikuja langoni kwa miguu. Nyuma yake alikuwa Moss, mbwa wake wa kuchunga, mzee mwenye mvi mdomoni. Moss alikuwa amestaafu. Maisha yake yote hakuwahi kukimbia bila kuamriwa.

"Nilipiga simu jana," Norman alisema. "Saa ya Bwana Moss."

"Jirani halipi," Clifford alisema.

"Nitalipa. Watasema nilihongwa."

Lango likafungwa. Moss alisimama katikati ya konde, akamtazama Norman, akingoja mluzi. Norman alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalilowa. "Nenda tu, mzee," alisema. "Leo huna kazi."

Moss alifikiri. Kisha akaondoka mbio, masikio nyuma, akazunguka konde zima kama kijana. Alizunguka mara nyingine. Halafu akainama, akanyata kwa Clifford, akaanza kumswaga taratibu kuelekea kona.

"Norman! Mwambie mimi si kondoo!"

"Anajua. Kondoo hawalalamiki hivyo."

Ng'ambo ya ukuta wanakondoo walinyonya, na mama zao hawakuinua hata vichwa. Msimu ule Norman hakupoteza hata mmoja kwa mbwa.

Thelma alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akaingia ndani kuweka birika la watu watatu. Alisimama mbele ya dirisha la jikoni, akawatazama mumewe, jirani yake na mbwa wakizunguka Konde la Ada.