Kovu Kwenye Picha ya Bati

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Montana wakati Orval Tisdale alipopita kwa Verna Pruitt kuchukua boksi la picha za kale.

"Wenzio wanakusanya ng'ombe, wewe wakusanya maiti wenye bunduki," Verna alimtania. Papo hapo akashika mdomo. "Jamani, Orval... nisamehe. Ulimi hauna mfupa."

"Usijali, Verna."

Alijali. Mji mzima ulijua habari ya Wade, mwanawe wa pekee.

Nyumbani kwa Orval kulikuwa na sheria moja: humpi mtu bunduki kabla hujaifungua akaona ni tupu. Orval alimfundisha Wade hivyo tangu ana miaka sita. Lakini vuli ya mwaka juzi alitaka kumpiga picha barazani na bunduki ya babu, asimame kama watu wa zamani: kitako chini, viganja juu ya mdomo wa mtutu. Mwanga ulikuwa unakwisha. Akaharakisha, akampa bunduki imefungwa.

Wade alikishusha kitako kwenye mbao, risasi ikafyatuka.

Wade alikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa Orval aliketi jikoni, akafungua boksi. Picha ya juu ilikuwa ya bati, ya zama zile picha zilipopigwa moja kwa moja juu ya bati, imeliwa na kutu pembeni. Kijana kasimama na bunduki. Kando yake, kiti kitupu.

Uso ule...

Ulikuwa uso wa Wade. Akatafuta kovu la Wade, lile la teke la ndama, shavu la kushoto. Kwenye picha kovu lilikuwa kulia. Akashusha pumzi. Si yeye, duniani wawiliwawili.

Kisha akakumbuka jambo ambalo kila mkusanyaji analijua.

Bati hugeuza. Kushoto huwa kulia.

Harufu ya baruti ikajaa jikoni.

"Wade?" alinong'ona. "Mwanangu, ni mimi niliyekuua. Sikuifungua. Nilikufundisha mwenyewe, halafu mimi ndiye sikuifungua..." Akalia kwa sauti, peke yake, kama ambavyo hakuwahi kulia hata kaburini.

Klak.

Sauti ya chuma. Aliijua akiwa usingizini au macho.

Akafuta machozi, akatazama. Bunduki pichani, iliyokuwa imefungwa, sasa ilikuwa wazi. Kijana ameielekeza mbele, chumba cha risasi kinaonekana mpaka ndani. Kitupu. Amempa baba yake aone kwanza, kama alivyofundishwa.

Kitu kikabingirika mezani, kikagonga kidole chake. Risasi moja nzima, bado ina joto.

"Ni salama, baba," sauti ilinong'ona kutoka barazani, kule ambako hakuna aliyekanyaga tangu siku ile. "Harakisha... mwanga unakwisha."

Orval aliitazama picha. Kijana hakuwepo tena. Kiti kilikuwa palepale, kitupu, kikimsubiri.

Akavaa kofia yake, akavifunga vizuri vifungo vya shati, akaenda kuufungua mlango wa baraza.